Nimemaliza matibabu ya saratani ya titi, nataka kuacha kazi ya mikopo niende kwenye kazi nyepesi. Nianzie wapi?

MamaTemboni

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Naombeni mnisome mpaka mwisho maana ni ndefu kidogo na naandikia kwenye mwendokasi nimesimama.

Mimi ni mama wa watoto wawili, miaka 41, ni afisa mikopo kwenye taasisi moja ya fedha hapa Dar, huu mwaka wa 11. Wanaoijua hii kazi hawahitaji kusimuliwa. Saa 11 na nusu nshatoka Kimara, saa 2 kamili kikao cha tageti, mnaulizwa mmoja mmoja mbele ya wenzenu jana umekusanya ngapi na nani hajaleta rejesho, halafu unaingia mtaani kwenye vikundi, mteja kazima simu, mwenyekiti wa kikundi kahama usiku na kitanda chake, jioni unarudi kuandika ripoti. Mwisho wa mwezi ndo usiseme, mikopo chechefu (isiyolipwa) ikipanda meneja hata salamu haitikii.

Mwaka jana mwezi wa tatu nikiwa naoga nikagusa kivimbe titi la kushoto. Nikakiacha karibu wiki sita kwa sababu ilikuwa kufunga robo mwaka, nikajisemea nitaenda tageti ikitimia. Hilo sijajisamehe mpaka leo. Biopsi (kipimo cha kinyama) ikaja na majibu, saratani hatua ya pili. Nikafanyiwa upasuaji na tezi za kwapani zikatolewa, kemo mizunguko minane (zile nne za kwanza za dawa nyekundu jamani sitaki hata kuona juisi ya rozela), kisha mionzi hospitali ya Ocean Road siku 15. Sasa hivi niko kwenye vidonge vya tamoxifen, daktari kasema si chini ya miaka mitano.

Likizo ya ugonjwa nilikula yote, ya mshahara kamili ikaisha nikaingia ya nusu, nayo nikawa naikata vipande vipande, wiki mbaya nalala wiki nzuri naenda kazini na wigi langu. Nimerudi moja kwa moja mwezi wa tatu mwaka huu. Tatizo mimi si yule wa zamani. Nasahau majina ya wateja niliowakopesha kwa miaka saba. Nikipanda boda mkono wa kushoto unavimba mpaka pete inabana. Joto linanipanda katikati ya kikao, jasho linatiririka, watu wanadhani naogopa tageti. Na mtaani kuna mteja kaniuliza mbele ya kikundi kizima, "dada mbona umepungua hivyo, una ule ugonjwa?" Nikacheka tu nikaenda kulia chooni kwa mwenyekiti.

Sasa kuna shule binafsi karibu na nyumbani wanatafuta mhasibu msaidizi wa kupokea ada. Saa 1 na nusu asubuhi hadi saa 10 jioni, kwa mguu dakika 15. Mshahara laki 7. Hapa nilipo napata 1,450,000 kabla mkopo haujakatwa. Mume wangu ni fundi AC, hela yake inakuja kwa msimu. Yeye anasema acha. Mama yangu ndo kabisa, anasema hiyo kazi ndiyo iliyokuletea ugonjwa. Barua ya kuacha kazi nimeshaiandika iko kwenye simu, bado kuisaini.

Aliyepitia hili anishauri. Na je, hao wa shule niwaambie kwamba naumwa au ninyamaze?

chuma_cha_reli

Pole sana dada, Mungu akuponye kabisa. Afya kwanza, hela zinatafutwa.

BabaKuku_Kibaha

Mama pole sana. Mimi ni mwanaume lakini wodi tunafahamiana. Nilipata limfoma (saratani ya mfumo wa limfu) 2019, nilikuwa kwenye klia foadi, kazi ya kutoa makontena bandarini, simu mbili mkononi saa 24, mteja mmoja anapiga saa 8 usiku anauliza mzigo wake uko wapi utadhani meli naendesha mimi.

Nilipomaliza dripu nikafanya hicho unachotaka kufanya, nikaacha. Sikuongea na mtu. Nilijiambia nataka utulivu, nikachukua akiba nikahamia Kibaha nikaweka kuku wa mayai 400. Utulivu nikaupata kama miezi minne hivi, nikawa naamka na jogoo kabisa naona maisha ndo haya. Kideri, ule ugonjwa wa kuku, kikaingia. Asubuhi nakuta 30 wamelala, kesho yake 70. Nilikuwa nimechanja ila chanjo yenyewe niliinunua imekaa kwenye ndoo ya barafu iliyoyeyuka, hilo nimelijua baadaye. Aisee sijawahi kukosa usingizi bandarini kama nilivyokosa kwenye lile banda. Bandarini mzigo ukichelewa ni hasara ya mwenye mzigo, pale banda langu, hela yangu, na kliniki ya mwezi ujao inanisubiri na bima sina.

Sisemi usiache. Mimi hata leo kurudi bandarini siwezi, na kuku sasa hivi wanakwenda vizuri (walibaki 110 nikaanza upya). Nasema tu stresi ya bosi unaijua sura yake, ya kukosa hela ukiwa na kadi ya hospitali huijui bado. Piga hesabu kwa kalamu, siyo kichwani.

Nuru_ya_Asili

Dada mama yako kasema kweli. Stresi inaleta asidi mwilini na asidi ndiyo chakula cha kansa. Acha hiyo kazi hata kesho. Halafu hivyo vidonge vya miaka mitano ni biashara ya wazungu, tafuta majani ya mstafeli uchemshe unywe kutwa mara tatu, nina watu wamepona. Njoo inboksi.

SistaWodi4

Nuru_ya_Asili naomba kwa heshima zote usimwambie mtu aache tamoxifen, na hiyo ya stresi kuleta asidi inayolisha kansa si kweli. Mimi ni muuguzi Mwanza, nimefanya kazi na wagonjwa wa saratani miaka 9. Huwa tunawapokea waliokwenda kwenye majani wakiwa hatua ya pili wakarudi hatua ya nne, na wanarudi na aibu, hawataki hata kutuangalia usoni. Mama, tamoxifen inazuia homoni ya estrojeni isiulishe uvimbe, ndiyo inayolinda kile kisu na mionzi vilichofanya. Joto kupanda ni kazi ya hiyo dawa, halimaanishi unaogopa tageti. Mwambie daktari wako, kuna namna ya kulipunguza. Na mtu akikupa mizizi yoyote muonyeshe daktari kwanza, kuna vitu vinagombana na dawa.

La mama yako kuhusu kazi kuleta ugonjwa. Mpe pole, anaongea kwa uchungu, mzazi lazima atafute wa kumlaumu. Lakini usilibebe hilo. Kuna utafiti ulichapishwa 2013, uliunganisha taarifa za watu 116,000 wa Ulaya, ukaangalia kazi zenye presha na saratani ya titi, mapafu, utumbo mpana na tezi dume, hawakuona kwamba presha ya kazi inaongeza hatari ya hizo saratani. Kwa hiyo ukiacha kazi acha kwa sababu umechoka, unataka kulala, unataka kuwaona watoto. Hizo sababu zinatosha kabisa. Ila usiache ukidhani unanunua kinga, maana kesho shuleni nako mzazi atakutukana kwa sababu ya risiti ya ada utaanza kuogopa kwamba ugonjwa unarudi.

Uchovu na kusahau ni vya kweli, wengi wanavipata baada ya kemo, na kwa wengi vinapungua taratibu, miezi kadhaa mpaka zaidi ya mwaka. Wewe una miezi mingapi tangu mionzi? Naona hata nusu mwaka ni kama ndo unafika. Unajipima ukiwa bado njiani.

Mkono ndo umenishtua. Mkono kuvimba baada ya tezi kutolewa usiuzoee, uonwe mapema. Na boda kila siku, kushika chuma na mkoba upande huohuo, hapana.

MamaTemboni

Asante sana sista, nimesoma hii nikashusha pumzi. Miezi mitano tangu mionzi.

BabaKuku umenichekesha na kunitisha kwa pamoja. Nimepiga hesabu kwa kalamu kama ulivyosema na sikulala. Nina mkopo wa wafanyakazi, umebaki milioni 18, miaka minne. Kwa vile mimi ni mfanyakazi nalipa riba ya asilimia 9, kwa mwezi kama 448,000. Nikiacha kazi mkopo unageuka wa mteja wa kawaida, riba asilimia 17, rejesho linapanda hadi kama 519,000. Toa kwenye laki 7 ya shule. Inabaki 181,000. Hapo hatujala, hatujalipa ada, hatujanunua luku.

Na kichekesho ni kwamba hayo masharti mimi ndo nawasomea wateja kila siku, wangu nilisaini bila kusoma.

Mtu_wa_Mafaili

Nimefanya HR miaka 14, sekta binafsi. Dada usiisaini hiyo barua. Rudia kuisoma hiyo sentensi mara tatu halafu tuendelee.

Watu wengi wakiumwa wanaruka hatua moja, wanatoka kwenye "siwezi kazi hii" kwenda "naacha kazi" bila kumuuliza mwajiri chochote. Kwa sheria yetu ya ajira ya 2004 umeshatumia likizo ya ugonjwa, siku 126 kwenye mzunguko wa miezi 36, 63 za mshahara kamili na 63 za nusu, hiyo sawa umeshakula. Lakini haijaishia hapo. Kanuni za utendaji bora za 2007 zinamtaka mwajiri, kabla hajamuondoa mtu kwa sababu ya ugonjwa, aangalie kwanza kama anaweza kumrekebishia majukumu au kumpa kazi nyingine inayomfaa. Yaani kumtafutia mgonjwa kazi nyepesi hapohapo ofisini siyo fadhila ya meneja. Ila hakuna atakayekuja kukugongea mlango akwambie, lazima uanze wewe, na uanze kwa maandishi.

Fanya hivi. Nenda kwa daktari wako anayekuona kliniki mwombe barua. Siyo ile ya "mgonjwa anaumwa apumzike", hiyo haimsaidii mtu. Iseme nini huwezi: asipande pikipiki, asibebe vitu vizito kwa mkono wa kushoto, apate muda wa kliniki kila tarehe fulani, kwa miezi sita kisha apimwe tena. HR anapenda kitu chenye mwisho. Ukimwambia milele anaogopa, ukimwambia miezi sita anatafuta kiti. Halafu wewe mwenyewe taja kiti unachokiona kinafaa, maana wewe ndo unaijua ofisi. Wakopeshaji wengi wana mtu wa kuhakiki mafaili kabla hela haijatoka. Miaka 11 mtaani unanusa faili la uongo ukiwa mlangoni.

Bima. Unatumia NHIF (bima ya afya ya taifa) ya mwajiri si ndiyo? Ile inakwenda na ajira, ukitoka kadi inafungwa. Kabla ya kusaini chochote na hao wa shule waulize bima yao ni ipi. Kama ni NHIF vizuri. Kama ni kampuni binafsi uliza wazi kama ugonjwa uliokuwepo kabla unalipiwa na baada ya muda gani, wengine hawaugusi kabisa.

Kuwaambia au kunyamaza: kwenye usaili huna haja ya kusimulia, hawakuulizi damu yako. Ila fomu ya bima ikiuliza usidanganye, siku wakigundua wanakataa kulipa na hapo ndo utajuta.

Jambo la mwisho, NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) wana fao la kukosa ajira lakini limewekwa kwa aliyepoteza kazi, aliyeandika barua mwenyewe asilihesabu kwenye bajeti. Hata kwenda CMA (tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi) kudai umeonewa, ukiwa umesaini kuacha kwa hiari unaanza mechi ukiwa umefungwa mbili. Na zile siku 30 za kufungua shauri zinakimbia kuliko unavyofikiri.

Mwalimu_Nax

Poleni watu wa Bongo, mimi niko Nakuru lakini hii stori ni yangu kabisa. Nilikuwa naibu wa mkuu wa shule, saratani ya shingo ya kizazi, 2021. Nikarudi shuleni nikapata ratiba, nidhamu, wazazi, mikutano ya bodi, zote zinaningoja mezani. Nilivumilia tamu moja.. yaani muhula mmoja, halafu nikaandika barua niombe kushushwa. Ndiyo, kushushwa. Nikarudi kuwa mwalimu wa darasa tu, Kiswahili na CRE (somo la dini ya Kikristo).

Wacha nikuambie kitu hawakuambii. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi, ni watu ndio walikuwa wazito. Staffroom ikanyamaza nikiingia. Mmoja akasambaza kwamba nilikula pesa za chakula ndio nikatolewa. Mwingine, ambaye nilimfundisha kazi, akawa naibu na akaanza kunituma. Nililia mwaka mzima kwa hiyo, si kwa saratani. Kwa hivyo kama utaomba kiti kingine jiandae, uamue mapema nani utamwambia ukweli. Mimi ningewaambia watu watatu wa maana siku ya kwanza, hiyo stori ya pesa haingepata miguu.

Lakini mamii, saa kumi niko nyumbani. Nimelima sukuma wiki. Binti yangu wa mwisho amenijua nikiwa mtu wa kukaa chini. Mshahara ulipungua, ndiyo, na bado sijutii, na mimi sikuwa na mkopo kama wako.

chuma_cha_reli

Hii mada nimekuja kusema pole tu nimejikuta nasoma mkataba wangu wa mkopo saa 6 usiku.

MamaTemboni

Hahaha chuma_cha_reli bora wewe.

Mwalimu, hiyo ya staffroom imenigusa. Kwetu watasema nimekula marejesho ya kikundi, naijua ofisi yangu.

Mtu_wa_Mafaili ninachoogopa ni meneja. Ni mtu ambaye mwenzetu alijifungua akampigia simu wodini kuuliza faili.

Mtu_wa_Mafaili

Basi usianze na meneja. Barua iandikie HR, nakala kwa meneja, ambatanisha ya daktari, ubaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Meneja wa namna hiyo anaheshimu mhuri. Na soma mkataba wa mkopo ile sehemu ya bima ya mkopo, wengi wanajua inalipa mtu akifa tu, nyingine zina ulemavu wa kudumu ndani yake. Haikuhusu leo, ila ijue.

MamaTemboni

Narudi na mrejesho, zimepita kama wiki tano hivi, samahanini kimya.

Daktari aliandika barua vizuri sana, aliponiona mkono alinigombeza kwanza. HR wakaniita, yule dada nilikuwa namwona mkali kumbe mama yake mdogo alikufa na titi, tukakaa saa nzima. Meneja alisema tu "sisi hapa si hospitali" halafu baada ya wiki mbili akasaini, nadhani makao makuu walimpigia. Nimehamishiwa kuhakiki mafaili kwa miezi sita kisha watanipima tena. Mshahara wa msingi haujaguswa. Kilichokufa ni bonasi ya makusanyo, posho ya usafiri na vocha, jumla kama laki 2 na nusu kwa mwezi, na inauma jamani nisidanganye. Tumeuza pikipiki ya mume iliyokuwa imekaa tu.

Watu watatu niliwaambia siku ya kwanza kama Mwalimu alivyosema. Wa nne akajiambia mwenyewe, sasa ofisi nzima inajua. Imekuwa afadhali, wigi nimelivua.

Wiki ya pili tu nimekamata faili la kikundi cha watu kumi wenye picha za nyumba moja, mlango uleule umepigwa kutoka pembe kumi. Nilicheka peke yangu.

Shuleni nimewaambia wasinisubiri, ila nimewaachia namba. Sijui baada ya miezi sita itakuwaje, na kuna siku bado natamani ile laki 7 na kutembea dakika 15. Barua iko palepale kwenye simu.

SistaWodi4 nikuulize, fiziotherapia wamesema nivae ile soksi ya mkono ya kubana uvimbe. Kuna duka Kariakoo wanaziuza saizi tatu, ndogo ya kati na kubwa, nichukue ya kati?

SistaWodi4

Usinunue ya kukisia mama. Ikibana vibaya inazidisha. Rudi haohao wa fiziotherapia wakupime mkono kwa futi, kiganja, kiwiko na juu, wakuandikie saizi na ukali wake wa kubana, ndo uende nayo dukani. Na hongera ya wigi.